Gazeti Lililoandika Habari za Shangazi

Kichiwa, Njombe,
13 Juni, 1953.

Mpendwa kaka yangu Lameki,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Kifua kilichokusumbua huko Tanga kwenye mkonge kimepona? Sisi hatujambo, ila baridi ni kali, umande unaganda usiku, na sakitu imeunguza viazi.

Nikupe habari za mpwa wako, binti yangu Idda. Yeye na wenzake watatu wa darasa la nne wameanzisha gazeti la kijiji. Wanaliandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari na kulibandika mlangoni mwa kanisa kila Jumapili: nani amejifungua, mbuzi wa nani amepotea, nani amerudi kutoka Makambako. Wasiojua kusoma wanasomewa na watoto, kwa hiyo siku hizi baada ya ibada watu hawana haraka ya kwenda nyumbani.

Mwezi uliopita waliandika hivi: "Bibi Yudita anaumwa. Hakuna anayekwenda kumwona."

Ndiye shangazi yetu. Tangu tugombane juu ya shamba la mianzi aliloliacha marehemu baba, sikukanyaga kwake, na majirani wakaniunga mkono. Mzee wa kanisa Yonathani alitaka kuibandua karatasi ile.

"Mambo ya wakubwa hayaandikwi na watoto," alisema.

Idda akamjibu kwa upole, "Mzee, kama ni uongo tutaufuta."

Yonathani akaiacha.

Niliona aibu, kaka. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa shangazi. Nilimkuta anatetemeka kwa homa, mekoni hakuna moto. Niliita majirani, tukambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, Yonathani akiwa mmoja wa wabebaji. Siku ya tatu alifumbua macho akaniuliza, "Tabea, umekula?"

Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa fimbo. Habari ya mianzi hatujaimaliza, lakini tunaizungumza tukiota moto pamoja. Ukipata nafasi, mwandikie yeye mwenyewe.

Leo Idda anaandaa gazeti la kesho. Ameniuliza kama aandike kwamba hata mama yake hakuwa akienda. Nimemwambia aandike.

Mama na mdogo wetu Mika wanakusalimu sana. Bwana akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Tabea