Mashine Ilijibu Kwamba Ipo

Mjukuu wangu Saidi, amani ikufikie huko uliko. Hapa Buyenzi tuko wazima. Mjomba wako amehamishia gereji karibu na msikiti, na bibi yako anauliza kama unakula vizuri.

Umeniuliza kama kweli zamani kompyuta moja iliziuliza mashine zote za mtandao moja moja, maana kwa itifaki za leo mashine zinatuma habari zenyewe. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia majibu kwenye skrini, ofisini kwa kampuni yetu.

Wakati wa vita, bibi yako alifanya kazi kwenye depo, ghala la kampuni hiyo kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Asubuhi moja tulisikia risasi upande ule. Nikapiga simu depo, haikupokelewa. Nikakimbilia skrini: alama ya mashine ya depo ilikuwa ya kijani.

"Tulia," shefu wangu wa kazi akaniambia. "Mashine inajibu. Kule apana shida."

Nikamwamini. Kabla ya adhuhuri bibi yako akaingia ofisini pekupeku.

"Wote tumekimbia," akasema. "Mulinzi amekufa. Mi nimeruka ukuta."

Nikageukia skrini. Bado kijani. Mashine haikudanganya, Saidi. Iliulizwa kama ipo, ikasema ipo, ndani ya depo isiyo na mtu.

Bibi yako akainyooshea kidole ile alama.

"Na sisi," akaniuliza, "nani alituuliza?"

Swali hilo nakutumia wewe. Soma vizuri hizo itifaki mpya, na Mungu akutunze.

Babu yako