Kati ya Fuata na Futa

Mdogo wangu Wandera,

Nimemaliza majina. Nadhani hilo ndilo ungetaka kulijua kwanza, kabla ya habari za nyumbani.

Mama akiulizwa tulikuwa tukifanya kazi gani huku Busia, bado anajibu kwamba tulikuwa tunatengeneza kompyuta ambayo haipo. Hajakosea. Wewe ndiye uliyemwelezea, jikoni kule Funyula, kwamba ni programu inayojifanya kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, ili mwanafunzi aiharibu apendavyo na mashine ya chuo isidhurike. Mama akakuuliza, "Na ikigonjeka, mnajuaje inaumwa wapi?" Ukacheka sana. Ukamwambia zipo amri za kuichunguza: unaandika neno moja, mashine inakuonyesha imefika wapi na imeshika nini.

Maneno hayo ndiyo yaliyotugombanisha. Wewe ulitaka yawe mafupi, yatamkike kama watu wanavyoongea pale kwa geti la mpaka. *Chungulia*, uone kilichomo kwenye kumbukumbu ya mashine. *Fuata*, uitazame ikitembea hatua kwa hatua. *Futa*, uisafishe uanze upya. Nilikuambia fuata na futa zimeachana kwa herufi moja tu. Ukanijibu bila kuinua macho, "Dada, mtu anayejua Kiswahili hawezi kuchanganya hizo."

Halafu mwalimu Atyang akapiga simu kutoka Bumala. Chuo chake ndicho kilichokuwa cha kwanza kutumia programu yetu. Mwanafunzi wake mmoja, msichana wa huko Bukhayo, alikuwa akitafuta kosa kwenye kazi yake ya muhula. Alitaka kuandika fuata, akaandika futa. Mashine ikatii. Mwalimu hakufoka. Aliuliza tu kwa upole kama kuna njia ya kuirudisha ile kazi, na mimi nikamwambia hakuna.

Siku hiyo wewe ulikuwa umeshalazwa. Ugonjwa wako wa damu, selimundu, ulikuwa umekushika tena, miguu na kifua safari hii, na nilikukuta umejikunja ukitazama ukuta. Sikutaka kukwambia. Ukanisoma uso, ukaiona simu mkononi, ukasema, "Sema. Nani amepiga?" Nikakueleza.

"Msichana alilia?" ukauliza.

"Mwalimu hakusema."

"Basi alilia." Ukageuka polepole. "Tubadilishe zote. Tusibadilishe hiyo moja pekee."

Mchana ule wote tukafanya kazi, wewe ukisema na mimi nikiandika kwenye laptopu magotini. Kanuni ilikuwa yako. Kila amri inayotazama tu ianze na *ona*. Kila amri inayoweza kubadilisha kitu ianze na *geuza*. Ona-hatua. Ona-kumbukumbu. Geuza-kumbukumbu. Futa ikawa geuza-tupu. Ulisema mkono uliokusudia kutazama usipate njia ya kuharibu hata kama umechoka, hata kama unatetemeka.

Ikabaki moja. Ile ya kusimamisha mashine nzima ghafla ili mtu aone kila kitu kilichomo ndani.

"Hiyo ni ona-yote," ukasema. "Nia yangu ni kuona."

"Mashine haijui nia yako. Imesimama. Kama kulikuwa na kazi inaendelea ndani, imekatika."

"Sasa unaongea kama mtu wa forodha."

"Na wewe unaongea kama dereva wa trela."

Ulicheka, kicheko kikakuumiza, ukashika mbavu. Nesi akaja akaniambia, "Dada, mwache apumzike kidogo." Ukaniaga kwa kidole tu, ukasema, "Tutamalizana kesho."

Asubuhi nilikuta kitanda chako kimetandikwa.

Sijui nikueleze nini kuhusu mazishi. Watu walikuja wengi. Niliagiza hema, nikatafuta viti, nikahakikisha kwaya imepata chai. Kila kitu kilienda sawa. Senge Anyango, shangazi yetu, alinishika mabega mbele ya jeneza, akaniambia, "Lia, mama. Lia upoe." Nilimtazama, nikamuuliza kama wageni wa Malaba wameshakula. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama nyuma ya jiko, "Huyu msichana wako ana moyo gani?" Sikuudhika. Hata mimi nilikuwa najiuliza, lakini kama mtu anayeuliza habari za jirani.

Nilirudi Busia. Nilikuwa nalala, naamka, nakula. Chakula kilikuwa kama karatasi. Trela zilipiga honi barabarani nami nikazisikia kwa mbali, kana kwamba ninakaa mji mwingine.

Kisha nikafungua kazi yetu. Zile amri zote zilikuwa zimekaa vizuri, isipokuwa ile moja isiyo na jina. Niliandika *ona-yote*. Nilitaka kukupa ushindi. Nani angenilaumu? Watu wangesema dada amemheshimu marehemu. Niliiacha hivyo kwa siku kadhaa, na kila nilipoifungua nilimwona yule msichana wa Bukhayo ambaye sijawahi kumwona kwa macho, ameketi mbele ya mashine, anaandika ona-yote kwa imani kwamba anatazama tu, na kazi yake inakatika katikati.

Nikaifuta. Nikaandika *geuza-simama*. Ulishindwa, Wandera, na hukuwepo kubishana. Nilingoja nisikie uchungu, au hata raha kidogo ya ushindi. Sikusikia kitu. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kuteka maji.

Wiki iliyopita mwalimu Atyang aliniita Bumala niwaonyeshe wanafunzi majina mapya. Chumba kilikuwa na joto la mabati. Nilieleza ona, nikaeleza geuza, wakajaribu. Hakuna aliyepoteza chochote. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madam, haya majina aliyapanga nani?"

"Mimi na ndugu yangu," nikasema. "Kanuni ni yake. Yeye anapenda maneno mafupi, lakini..."

Walikuwa wananisubiri. Mwalimu Atyang, ambaye alikuwa amekuja hadi Funyula kukuzika, aliinamisha kichwa.

"Alipenda," nikasema. "Alipenda maneno mafupi."

Tangu ufe sikuwa nimetamka neno kama hilo. Niliwahi kusema Wandera amefariki, Wandera tumemzika, maneno yale ya kuwajibu watu kwenye simu. Lakini hili dogo, kwamba kulikuwa na vitu unavyopenda na sasa kuna vitu ulivyopenda, halikuwa limetoka mdomoni mwangu. Mwalimu akawaambia wanafunzi waende chai. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya simenti juani, na hapo kifua kikaanza kuuma. Kiliuma kwelikweli, kama mguu uliokaliwa vibaya damu inaporudi. Mwalimu akaja akaketi kando yangu. Nikamwambia, "Inauma." Akasema, "Eeh."

Nimekuandikia kwa sababu kesho huenda ganzi ikarudi, na leo bado ninakuhisi. Mama anakusalimia, ingawa hajui kwamba ninaandika. Lala, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako,
Nafula