Baba Aliyeitwa Mbili

Sironga, Nyamira
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Baba,

Mama amejilaza kidogo baada ya kutoka kuchuma chai, nami nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha la jikoni. Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua ungeshangaa, maana hapa nyumbani hatukusemeshana ila kwa Ekegusii. Lakini jambo ninalotaka kukuambia lilitokea studioni, na studioni mimi na wewe tulisema Kiswahili tu. Nivumilie.

Jana niliita Mbili.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umepiga video za harusi na mazishi Nyamira nzima kwa kamera yako moja, nami nilikuwa nikikubebea waya na taa. Kituo kile kidogo cha televisheni kilipofunguliwa Kisii mjini na kusema kinafundisha watu kazi ya studio, ulisema twende sote wawili. Mama akacheka. "Mzee wa mvi atakaa darasani na binti yake?" Ukamjibu, "Nitakaa nyuma yake, ili nikisinzia asinione."

Mwalimu wetu alikuwa Salim, mzaliwa wa mjini, mtoto wa wafanyabiashara, ambaye Ekegusii chake kilikuwa cha kununulia ndizi sokoni. Ndiyo maana kazi yote ilifanywa kwa Kiswahili. Alituonyesha ukumbi wenye kamera tatu, na kando yake chumba kidogo chenye skrini tatu. Anayeongoza hukaa katika chumba hicho. Haoni ukumbi kwa macho yake, anaona kile ambacho kamera zinamwonyesha tu. Anasema kwenye hedifoni, "Moja, jiandae," kisha anaita, "Moja!" na kubonyeza kitufe, na picha ya kamera hiyo ndiyo inayoenda kwa watazamaji. Taa nyekundu inawaka juu ya kamera, mpiga picha anajua sasa ni yeye. Majina ya watu hayatumiki. Salim alisema jina ni refu na wimbo hausubiri.

Wewe ulipewa kamera namba mbili.

Siku yangu ya kwanza kuongoza, akina mama wa kwaya kutoka Masimba walikuja kutuimbia ili tujifunzie. Mama mmoja alitoka mstari wa nyuma akaanza kuimba peke yake, na wewe tu ndiye uliyekuwa upande wake. Nilihitaji usogee kushoto na uvute picha karibu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Baba, samahani, naomba kama hutajali, usogee kidogo tu upande wa…"

Yule mama akamaliza kuimba, akarudi kwenye mstari. Muda wote huo televisheni ilikuwa ikionyesha mgongo wa mwalimu wa kwaya na saa ya ukutani.

"Nyaboke," Salim akauliza, "hiyo ilikuwa amri ama maombi ya chakula?"

Watu walicheka hadi kwenye hedifoni. Mimi sikuweza kucheka. Baba, ningekuamrisha vipi? Wewe uliyenifundisha kutopita mbele ya mzee bila kuinama. Tulirudi Sironga, na njiani nikaamua moyoni kwamba kuongoza si kazi yangu. Ningebaki kubeba waya.

Asubuhi iliyofuata ulichana kipande cha tepu nyeupe, ukaandika 2 kwa kalamu nene, ukakibandika kwenye koti lako la kahawia mbele ya wote.

"Mwalimu," ukasema, "nikivaa hii, mimi sina mtoto humu ndani. Huyu akiniita Baba, sitasikia."

Na kweli hukusikia! Nilijisahau mara mbili asubuhi ile, na mara zote mbili kamera yako ilisimama pale pale kama mti. Mara ya tatu niliita, "Mbili, kushoto!" Ukaenda kushoto mara moja. Nilijiona kama mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

Jumapili hiyo ulinifanyia mazoezi hapa uani. Uliweka mtungi wa maji huku uwe kamera ya kwanza na mwingine kule uwe ya tatu, ukashika kamera yako katikati. Mimi uliniketisha nyuma ya ukuta wa jikoni nisione kitu, ila wewe unieleze tu. Mama akawa ndiye kipindi, na sufuria yake ya ndizi.

"Nimenye nikitazama wapi?" akauliza.

"Menya kama kawaida."

"Kawaida huwa hamnitazami."

Nilikuita Mbili mara nyingi siku ile hadi ulimi ukazoea. Mama alituambia sote wawili tumerukwa na akili, lakini baadaye nilimkuta amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani. Na wewe ulinieleza, "Nimempa nafasi juu ya kichwa." Salim alikukosoa kwa nafasi hiyo kila mara, akisema picha inabaki na uwazi mwingi juu. Ulimwambia umepiga harusi nyingi, na hakuna mama wa bibi harusi atakayekusamehe ukimkata kitambaa. Hukuacha.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni jioni. Tulikuwa tumeshinda pamoja tangu asubuhi, lakini tukifika langoni ulisimama, ukabandua tepu kwenye koti, ukakunja, ukatia mfukoni. Kisha ukanipa mkono kama mtu aliyetoka safari. "Bwairire, Nyaboke." Habari za jioni. Nikainama na kukuitikia. Hapo ulikuwa umerudi kuwa Baba.

Kituo kilituajiri sote wawili, na miaka minne tulifanya hivyo.

Ulipolazwa, nilikuja hospitalini kila Jumapili baada ya kipindi cha kwaya. Siku ya mwisho uliyoweza kuongea vizuri nilikuuliza nikuletee nini. Hukujibu hilo. Ukauliza, "Leo nani ameshika Mbili?"

"Bosibori."

"Picha zake?"

Nikakunyooshea shuka, kwa sababu sikuwa nimeiita kamera yake. Uliniangalia, ukageuza uso ukutani. Nilifikiri umechoka. Sasa nadhani ulielewa.

Baba, acha niseme ukweli. Baada ya kukuzika niliendelea kuongoza kwa Moja na Tatu tu. Bosibori, ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kushika kamera, alisimama pale na hedifoni masikioni, na mimi sikumwita hata mara moja. Neno lilikataa kutoka. Niliona kama nikiliita na mtu mwingine akasogea, basi utakuwa umekufa kweli. Mkuu wa kituo aliponiuliza, nilimdanganya kwamba kamera ina hitilafu. Akasema basi ikifika mwisho wa mwezi bado haitumiki, itolewe, na Bosibori aambiwe asije tena.

Ijumaa iliyopita Bosibori alinisubiri mlangoni.

"Dada Nyaboke, kamera haina ugonjwa. Mimi na wewe tunajua."

Nikaangalia chini, naye akaendelea:

"Nimesimama pale Jumapili saba. Kila wimbo natafuta picha, naishikilia, naingoja hiyo taa nyekundu. Hata mkono umekufa ganzi. Kama hunitaki, niambie wazi nirudi Itumbe nikachume chai. Lakini usiniweke pale kama sanamu ya mzee."

Alisema hilo neno la mwisho kisha akaanza kulia, akaniomba radhi. Mimi ndiye niliyestahili kuomba.

Jana ikawa kwaya ya Masimba tena, wale wale akina mama, mara hii moja kwa moja hewani. Yule mama akatoka tena mstari wa nyuma. Amezeeka, Baba, anatembea polepole. Moja alikuwa amezibwa na mwalimu wa kwaya. Tatu alikuwa mbali mno. Kwenye skrini ya katikati, ile ambayo nilikuwa nimezoea kutoitazama, uso wake ulikuwa umekaa tayari, umetulia, unangoja. Na juu ya kitambaa chake cha kijani palikuwa na nafasi.

Ile nafasi yako. Hakuna mtu mwingine anayeiacha.

Nilianza kusema, "Ba…" Nikameza. Nikasema, "Mbili, jiandae." Nilisikia Bosibori akivuta pumzi.

"Mbili!"

Yule mama akaimba wimbo wote, na sikumtoa hewani hadi mwisho.

Kipindi kilipoisha niliingia ukumbini. Bosibori alikuwa amenipa mgongo, anabandua kitu kwenye sweta yake. Kipande cha tepu nyeupe. Jumapili zote nane alikuwa nacho, na mimi katika chumba changu sikuweza kukiona. Akakikunja, akanipa mkono. "Bwairire, dada." Nikamwitikia, na nikamwomba radhi kwa sauti, wengine wakisikia. Leo asubuhi nimemwambia mkuu wa kituo kwamba kamera ni nzima, na kwamba kosa lilikuwa langu. Amenikaripia, lakini Bosibori anabaki.

Nilipofika nyumbani jana Mama aliniuliza, "Ule uso wa mama wa kitambaa, nani alipiga?"

"Mbili," nikasema.

Akasema, "Nilijua," akaenda kupakua chakula.

Koti lako la kahawia bado liko kwenye msumari. Leo nimeingiza mkono mfukoni, nimezikuta tepu, zimekunjwa na kushikamana kama kitunguu. Nimeziacha humo humo.

Sasa nitamwita Mbili kila Jumapili, na atakayesogea ni Bosibori. Usione nimekusahau. Jina la kazi nimempa yeye, lile la langoni nimekuwekea wewe. Bwairire, Baba.

Pale ulipopumzika, nakuomba kitu kimoja tu: unikumbuke.

Binti yako,
Nyaboke