Amina Waliyoitikia Haraka

Neema, mjukuu na mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Unyambwa tu wazima. Mume wetu, babu yako, bado anagombana na kuku wanaodonoa alizeti.

Unasema wafanyakazi wako wanakubali mabadiliko kikaoni, kisha hawayafuati. Hata mimi, nilipoongoza kikundi chetu cha kukamua mafuta, nilitangaza zamu mpya ndani ya sala. Wote wakaitikia, "Amina!" Kesho yake magunia ya wateja yalijaa mlangoni, mkamuaji hakuna.

Nikamfuata mwenzetu, Mama Yohana. Akacheka. "Nani angekubishia mbele za Mungu?"

Nikaitisha kikao kingine, tukaongea kwanza. Wakazipangua zamu zangu zote. Tuliposali, Amina yangu ndiyo iliyochelewa, lakini asubuhi walinitangulia mashineni.

Bibi yako