Kuku wa Mkwe

Bel-Air, Lubumbashi, 28 Aprili 2024

Mwanangu Emmanuella,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tunaendelea vizuri, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo unalijua. Habari za Kambove? Mjukuu wangu Graciella anasemaje? Na mumeo Lévi na duka lake? Natumaini wote ni wazima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako ya zamani haiiti tena, na mpya hujanipa. Barua hii ataileta Rigobert, yule dereva wa basi dogo aliyesoma na kaka yako Kapya.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Jumapili tarehe 2 Juni, Ephraïm wa Kapya atapata komunyo ya kwanza. Ya pili, kaa chini kwanza. Mama yako anakwenda Madagaska. Masista wanatafuta wakunga waliostaafu wa kujitolea katika nyumba yao ya uzazi, kule kusini kabisa, nami niliandika jina langu. Ni miaka miwili. Nitaondoka tarehe 25 Juni. Najua utauliza mwanamke wa miaka sitini na miwili anatafuta nini huko. Tangu baba yako afariki nyumba imekuwa kubwa mno kwangu, na mikono yangu bado inajua kupokea watoto.

Basi tutafanya sherehe moja ya mambo mawili, komunyo na kuniaga. Mama yako mdogo Josée amechagua kitenge cha sare, kijani chenye maua ya manjano. Ni kibaya kweli, lakini ameshakinunua na hakuna wa kumpinga. Nimekukatia yadi sita zako, na kipande cha Graciella, vimo kwenye mfuko wa Rigobert. Shoneni, mje wote watatu. Miaka mitatu sijakuona, mwanangu. Sitaki kupanda ndege kabla ya kukuona.

Mama yako,
Albertine

Bel-Air, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Rigobert anaapa kwamba mfuko alikupa mkononi, na kwamba ulimpa maji ya kunywa. Kwa hiyo barua ulisoma.

Mimi niko katika maandalizi. Juzi nilichanjwa homa ya manjano. Aliyenichoma sindano ni mwanafunzi wangu wa zamani, akaniomba radhi kabla hajaanza, nikamwambia afanye kama nilivyomfundisha. Masista wamesema sanduku lisizidi kilo ishirini na tatu. Vitenge vyangu peke yake vinapita hapo. Najifunza pia maneno ya huko. Wao wakikutana husema “salama”, kama sisi, basi nimeona sitapotea.

Josée anauliza apike kwa watu wangapi. Nimemwambia awahesabu na watu wa Kambove. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mama yako

Kambove, 17 Mei 2024

Mama,

Salamu. Sisi ni wazima, Graciella anaongea kutwa nzima. Pole na goti. Vitenge vilifika, asante.

Sitakuja, na afadhali nikuambie sababu kuliko kunyamaza. Siku ya kilio cha baba, Lévi alifika na mchele, maharagwe, mafuta, na gari la kubebea watu makaburini. Hakuna aliyemwomba. Aliingia mlipokaa wanawake, akainama, akakunyooshea mikono miwili akupe pole. Ulijifunika uso kwa kitenge, ukageukia ukuta, kisha ukasimama ukatoka. Watu wote waliona. Tulipokuwa tunarudi aliniambia neno moja tu: “Mama yako anakataa hata kuniangalia, sababu niko muntu wa Kivu, hapana wa huku.”

Tangu hapo hajasema baya lolote juu yako. Ila kila nikimwomba twende Lubumbashi, ana lori la mzigo la kupokea. Siwezi kuvaa sare ya familia inayomfukuza mume wangu. Nakutakia safari njema, mama. Nasema kwa moyo.

Binti yako,
Emmanuella

Bel-Air, 20 Mei 2024

Mwanangu Emmanuella,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa na miwani, nikaisoma tena baada ya kuivua, na maneno hayakubadilika. Nimelia sana. Sasa unisikilize.

Sisi tuna buko. Kwetu, mama mkwe hatazamani uso kwa uso na mume wa binti yake, hampi mkono, hali chakula mbele yake. Akimwona anajifunika, anampisha. Hatuna heshima kubwa kuliko hiyo. Siku ile nilipojifunika, wanawake wa kwetu waliokuwa mle ndani walisema Albertine amepata mkwe wa maana. Na wanaume wengine wa ukoo hata maharagwe hawakuleta.

Buko hiyo hufunguliwa kwa kuku. Mama mkwe anampika kuku mzima, na firigisi na miguu yake, anampa mkwe kwa mkono wake. Mkwe akila, siku hiyo hiyo wanaanza kuzungumza kama mama na mwana. Wa Lévi nilikuwa nimeshamtenga. Ndipo baba yako akaugua, akafariki, na mjane aliye ndani ya mwaka wa msiba hapiki kuku wa mkwe. Mwaka ulipokwisha, ninyi hamkuja tena. Nikasema labda kazi. Sikujua kwamba Lévi hajui. Kwa ujinga wangu nilidhani kila mtu duniani ana buko kama yetu, na kila mmoja anaifunga na kuifungua vilevile.

Lakini wewe, hukumbuki jinsi baba yako alivyokuwa akivuka barabara bibi yako Nkandu, mama yangu, akitokea?

Msomee Lévi barua hii. Mwambie nampenda na namwomba samahani. Bado nina siku thelathini na sita.

Mama yako

Bel-Air, 4 Juni 2024

Mwanangu,

Nawasalimu. Mimi mzima.

Sherehe imepita. Ephraïm alipendeza katika nguo nyeupe mpaka saa sita, kisha akajimwagia mchuzi wa samaki. Kapya alitoa hotuba ndefu kuliko ya padri. Josée alinichezesha na goti langu hili, wakanipa sanduku jipya lenye magurudumu, nikalivuta kuzunguka uwanja wote huku wanapiga vigelegele. Sare ilikuwa mbaya vilevile ilipovaliwa na watu arobaini.

Viti vyenu tuliviacha kando yangu. Kila gari liliposimama nje nilikwenda mlangoni, mpaka Kapya akaniambia, “Mama, ikala kwanza.” Nikakaa. Jioni nililia. Walidhani nalilia safari.

Sikulaumu. Nina hamu nawe tu, hamu inayouma. Nataka kumshika Graciella kabla hajawa mtu mzima.

Mama yako

Kambove, 13 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Tusamehe kwa ukimya. Graciella alipatwa na malaria, tulikaa siku nne hospitalini. Sasa anakula, na anatusumbua, ndiyo kusema amepona.

Barua yako ya Mei nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kumsomea Lévi. Nilimsomea kule hospitalini. Alitoka nje, akasimama pale wanapoegesha pikipiki kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Aliporudi aliniuliza: “Kumbe miaka yote hii alikuwa ananiheshimu?” Nikasema ndiyo. Akaniomba nisome tena ile sehemu ya kuku.

Tunakuja, mama. Jumamosi tarehe 22, sote watatu. Amenunua shati jipya, na ananiuliza kila siku mkwe anakaa upande gani wa meza, anaanza na firigisi au na paja. Mimi sijui, utamwambia mwenyewe. Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Sare yetu nimepeleka kwa fundi.

Binti yako,
Emmanuella

Bel-Air, 20 Juni 2024

Emmanuella mwanangu,

Naandika kwa haraka. Leo asubuhi Masista wamenipigia. Ndege ya tarehe 25 imefutwa, wametupatia nafasi katika ya kesho asubuhi, la sivyo tungoje mpaka Agosti, na kule masista wamebaki na mkunga mmoja tu. Namba yako naipiga tangu saa tatu. Wanasema Kambove yote haina umeme wala mtandao. Rigobert nimemkosa, alikuwa ameshaondoka. Barua hii namwachia Josée.

Niliwaza nikatae. Kisha nikamkumbuka yule mkunga aliye peke yake, nami nimewahi kuwa peke yangu na wanawake watatu wa kujifungua kwa wakati mmoja. Utanielewa, hata kama si leo.

Kuku nimempika mwenyewe mchana huu, mzima, kila kitu chake kimo. Yumo kwenye friji, Josée atampasha moto na kumpa Lévi kwa niaba yangu. Sijui kama desturi inaruhusu. Wakubwa wa kuwauliza wamekwisha, mkubwa sasa ni mimi, basi naruhusu. Akila, tutakuwa tumefungua.

Mbusu Graciella kwenye shavu, kisha kwenye lile lingine.

Mama yako anayekupenda

Bel-Air, 22 Juni 2024

Mama,

Barua hii atakuletea sista anayekuja huko mwezi ujao. Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua ndegeni.

Tulifika saa nne asubuhi, tumevaa sare. Mama mdogo alipofungua mlango nilijua kabla hajasema. Graciella aliuliza bibi yuko chumba gani, akavifungua vyote.

Mama mdogo alitandika meza, akamleta kuku, akasema maneno uliyomwagiza. Lévi alinawa mikono. Alimtazama kuku kwa muda, kisha akaisukuma sahani polepole.

“Mama mudogo, aksanti sana. Lakini hii kuku siwezi kukula. Ni Mama njo atanipatia, na mukono yake. Miaka mbili nitangoja.”

Mama mdogo alikasirika, akasema kuku hangoji miaka miwili. Lévi akamwambia ampe Ephraïm na Graciella, Mama atapika mwingine. Watoto wamemla mpaka miguu.

Sasa nikuambie jambo ambalo Lévi nilimwambia leo, kwenye sebule yako. Namkumbuka baba akivuka barabara. Nilijua, mama. Siku ya kilio, ulipojifunika, nilijua ni heshima. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uache mambo hayo, umpe mkono mbele ya watu, kama mama wengine wa mjini. Nikasema moyoni, acha mama aje kwetu kwanza. Neno moja kwa mume wangu lingetosha, na nililiweka moyoni miaka mitatu. Lévi aliponisikia hakunigombeza, aliinuka tu akaenda kumsaidia mama mdogo kutoa vyombo. Ungekuwa hapa ungenigombeza wewe, na ningefurahi.

Yeye anasema atangoja, na atangoja kweli, namjua. Mimi sina moyo wake. Nimehesabu kwenye kalenda yako ya jikoni, ni siku mia saba na thelathini. Leo ni ya kwanza, ni saa kumi tu alasiri, na tayari nimekwenda mlangoni mara tatu.

Mwanao,
Emmanuella