Fremu Tupu Juu ya Kitanda

Turku, Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote watatu. Natumaini goti lako limepata nafuu, au angalau linakuruhusu kushuka ngazi bila kulilaani, na kwamba theluji ya Kuhmo haijakuzibia mlango tena. Sisi ni wazima. Jouni ana mafua kidogo na anatembea nayo nyumbani kama mtu aliyepigwa risasi, si unawajua wanaume. Mtoto ananyonya, analala, anaongezeka uzito kama kliniki wanavyotaka. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunashindwa. Unaniuliza kama napata usingizi, nasema napata, unaniambia huko ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, basi, tunaagana.

Ulilalamika kwamba picha za chumba cha mtoto alizokutumia Jouni zilikuwa na giza, hukuona kitu. Ngoja nikueleze. Kuta ni nyeupe. Najua utasema nyeupe ni nyeupe. Hata wateja kwenye duka letu la rangi huniambia hivyo mpaka niwawekee vibao sita vya rangi mbele yao, wanyamaze. Nilijaribu nyeupe kumi na moja. Niliyoichagua ina tone la kijivu na tone dogo zaidi la manjano, ili mwanga wa Januari usiigeuze buluu. Niliichanganya kwa mkono wangu siku ya mwisho kazini, tumbo likinizuia kuifikia mashine. Kitanda ni cha mbao zisizopakwa rangi, pazia la kitani, zulia la sufu, taa moja tu ya karatasi. Hakuna dubu, hakuna sungura, hakuna kitu chenye macho. Jouni alisema mtu akipiga chafya humo itabidi auombe ukuta radhi. Kimetulia, Mama, hakuna atakayebisha.

Juu ya kitanda nimetundika fremu tupu. Ni ya jina. Likishatamkwa kanisani nitaliandika kwa wino mweusi na kuliweka humo. Kila anayeingia huitazama fremu, kisha hunitazama mimi na kutabasamu, maana sote tunajua jina la mtoto halisemwi kabla ya ubatizo. Dada yako, Mama Mkubwa Terttu, alinibana jikoni akisema moyo wake mbovu, je, akifa kesho bila kulijua? Akataka nimnong'oneze walau herufi ya kwanza. Nikamwambia avumilie wiki chache. Akasema ujeuri huu nimeutoa kwako. Kwa sasa Jouni humwita mtoto Mzee, kwa sababu hana nywele, hana meno, na hugomba chakula kikichelewa.

Nesi Outi wa kliniki alikuja kututembelea mtoto akiwa na siku kumi. Alisimama mlangoni mwa chumba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema katika miaka yake ishirini na sita ya kazi hajaona chumba kama hiki, na kwamba mtoto huyu amepata mama aliyejipanga. Baadaye, mtoto alipofikisha wiki sita, nilipewa kliniki ile fomu ya maswali kumi: kama bado nacheka, kama nalia bila sababu, kama nafurahia mambo niliyoyafurahia zamani. Niliijaza vizuri yote. Nesi aliipitisha macho mara moja akaiweka kwenye faili. Akaniambia kwamba kwangu hata hakuwa na wasiwasi, chumba amekiona kwa macho yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha hapa. Juzi Alhamisi nilimlaza Mzee kwenye kigari chake roshani kwa usingizi wa mchana, kama ulivyonilaza mimi na kama kila mtu hapa anavyomlaza wake. Ilikuwa nyuzi saba chini ya sifuri. Nilimvika sufu, nikamfunika, nikamgusa shingo, alikuwa na joto. Kisha nikaenda chumbani kwake kwa sababu fremu ilikuwa imeinama upande mmoja, nikachukua pimamaji. Akaanza kulia. Nilimsikia, Mama. Mlango wa roshani ni wa kioo, hauzuii sauti. Nilimsikia vizuri na nikaendelea kungoja kipovu cha pimamaji kikae katikati. Kilipokaa nikahamia kwenye mikunjo ya pazia. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa nimechoka kuliko siku nyingine. Nilisikia kilio chake kama ninavyosikia gari la kuondoa theluji likipita mtaani.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bi Rauha, mjane wa ghorofa ya chini, ambaye tangu tuhamie hapa tumesalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu. Alisema hakuja kunigombeza, amekuja kwa sababu mtoto amelia karibu nusu saa na alidhani nimeanguka bafuni. Nikamwambia nilikuwa natundika picha. Akanipita akakatiza sebuleni moja kwa moja na viatu vyake vya theluji. Hakuvivua. Sijawahi kuona mtu akiingia nyumba ya watu na viatu, na nilibaki nimetazama zile alama za maji sakafuni wakati yeye anamtoa mtoto wangu kwenye kigari.

Hakudhurika. Sauti ilikuwa imemkauka na uso umeiva, lakini mwili ulikuwa na joto lake. Bi Rauha alizunguka naye akimwambia haya babu, haya, yamekwisha. Halafu akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikampa jibu ninalowapa wote, kwamba jina halijatangazwa. Akasema hakuuliza la kutangaza. Aliuliza mimi namwitaje tukiwa wawili, hakuna mtu.

Mama, simwiti. Hakuna jina. Jouni aliniachia mimi nichague, na anaamini nimeshachagua na namficha hata yeye kwa utani. Huku nyumba nzima inanichekea kwa siri ambayo sina. Walipomlaza kifuani pangu hospitali nilitazama saa ya ukutani, nikajiambia hisia ya kuwa mama itakuja kesho. Nimengoja wiki saba. Simchukii mtoto. Sisikii kitu, si kwake tu, hata kahawa haina ladha, hata Jouni akinikumbatia nahesabu muda aniachie. Nilidhani chumba kikikamilika nitaanza kuwa mama yake. Kilikamilika Desemba. Nawaonyesha watu kile chumba ili wasinitazame mimi, na wote wamekubali, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye viatu vichafu.

Alikaa hadi Jouni aliporudi. Hakumwambia neno, ila mlangoni aliniambia kwa upole kwamba ama niseme mwenyewe, ama atasema yeye, na amenipa mpaka Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu nitampigia Nesi Outi nimwambie fomu ile niliijaza uongo. Bi Rauha atakuja kukaa nami nikipiga. Jouni nitamwambia leo, nikimaliza barua hii. Nimeanza na wewe kwa sababu naona aibu zaidi kwako.

Lile boksi la kadibodi ulilokuwa ukiniulizia kila simu, analopewa kila mama na serikali, nilikuwa nimelificha stoo. Lina picha za mbweha wa rangi ya chungwa, halikuendana na chochote. Jana nililitoa. Mzee amelala humo sasa hivi, hapa jikoni, karibu na mguu wangu, kama ulivyonilaza mimi mpaka miguu yangu ikawa inagonga kadibodi. Akilia nitamsikia na nitamwinua. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu.

Ubatizo ni Machi mbili. Usingoje siku hiyo, Mama. Mwachie jirani paka, upande treni. Ukifika watataka wakupeleke kwanza ukaone chumba. Tafadhali usiende, wala usikisifie. Njoo jikoni na koti lako, na viatu vyako usivue, umbebe, umwite jina lolote litakalokujia mdomoni. Nataka nisikie mtu akimwita.

Jouni anakusalimu sana. Mama Mkubwa Terttu akipiga simu, naye mpe salamu zangu, na umwambie ile herufi ya kwanza sikumnyima. Sikuwa nayo.

Mwanao,
Kaisu