Baba, Kumbe Mbio Ulikuwa Huzioni

Bursa, Uturuki
Jumatatu mchana, saa ya mapumziko kiwandani

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii hutaisoma mwenyewe, atakusomea dada Hawa, na yeye namwambia hapa hapa mwanzoni: dada, soma yote. Nakujua. Ukifika mahali pachungu unameza mate, unaruka mistari miwili, unaendelea kana kwamba hakuna kitu. Leo usiruke. Na wewe baba, ukisikia amenyamaza katikati, mwambie arudie.

Habari za hapo Mpwapwa? Upepo wa vumbi umeanza au bado? Mguu wako unakusumbua asubuhi? Kuku wa dada wamepona kideri? Mimi mwili haujambo, nakula, nafanya kazi. Moyo ndio mgonjwa, baba. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunashindwana. Nikianza kusema sauti inapanda, wewe unasema "haya, haya, tumesikia," unamrudishia dada simu yake. Karatasi huwezi kuikatia. Nitampa kijana mmoja wa Dodoma anayesoma hapa, anarudi likizo wiki hii.

Wiki tatu sasa sijatulia, tangu dada aliponisimulia alichokikuta Jumapili ile. Anasema alitoka kwenye cherehani akaja sebuleni kutafuta mkasi. Akakukuta kwenye kiti chako, simu sikioni, umeielekea televisheni. Televisheni ambayo kumbe iliungua tangu mwezi wa Ramadhani umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, na mimi sikuambiwa. Imezimwa, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, na juu ya kitambaa vumbi. Na wewe unasema, "Eeh, nimeona. Kampita kwa ndani, nimeona." Dada akasimama mbele yako. Hukumwangalia. Akapunga mkono mbele ya uso wako, ukauliza, "Nani hapo?"

Baba, uliyekuwa unaongea naye ni mimi. Nimerudia maneno hayo kichwani mpaka nimechoka. Nimeona, nimeona. Jumapili ngapi uliniambia nimeona?

Dada alipokubana ndipo ukasema. Jicho la kulia lilianza ukungu mwaka jana, ukajua ni mtoto wa jicho, maana Mzee Chilongani jirani yetu alifanyiwa upasuaji wake na akakwambia mtoto wa jicho hakatwi mpaka aive. Basi ukakaa kusubiri liive! Mwaka mzima, kimya, unasubiri jicho liive kama embe. Hukumwambia dada, hukuniambia mimi, "nisiwatie watu presha." Presha ilikuwa humo humo jichoni, baba. Dada alipokupeleka Dodoma, mkalala kwa shangazi kule Mkonze siku mbili, daktari akasema hakuna mtoto wa jicho hapa, hii ni presha ya macho, na hii haiivi. Inakula tu. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki na tundu dogo katikati, ukimsogelea mtu sana unaona uso wake lakini huoni masikio. Akasema ungekuja mwaka mmoja kabla, mengi yangeokoka.

Mwaka mmoja kabla, baba. Tulikuwa tunafanya nini mimi na wewe mwaka mmoja kabla? Tulikuwa tunatazama langalanga, mbio zetu za magari.

Na hapa ndipo ninapojilaumu, na naomba usinikatize. Sheria niliiweka mimi. Nilipofika huku na kuanza kutazama kwa mtandao, kwenye ile kompyuta ya Kato, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, picha yangu ilikuwa inachelewa nusu dakika nyuma ya ile ya ungo wako wa televisheni. Mimi naona magari yako kwenye kona, wewe unapiga kelele sikioni mwangu, "Kapasuka tairi! Katoka!" Uhondo wote kwisha. Jumapili moja nilikasirika nikakukemea, mtoto anamkemea baba yake, nikasema kuanzia leo usiseme lolote mpaka mimi niseme kwanza. Nikiona, nitakuuliza umeona? Wewe utajibu nimeona. Ukacheka ukasema, "Haya bwana mkubwa, sheria ni sheria." Ukaishika. Hukuwahi kuivunja tena. Na mimi nilikuwa najisifu kwa Kato: mzee wangu ana adabu ya ajabu, anajua nani kashinda lakini hatamki.

Adabu gani? Giza lile.

Ishara zilikuwepo, mimi ndiye mjinga. Ulianza kuniambia, "Hebu nieleze wewe unavyoona." Nikaeleza. "Mvua imenyesha barabarani au pamekauka?" Nikajibu. "Yule wetu wa kofia ya njano yuko wapi?" Wa tano, baba, sasa wa nne. Ukasema nimekuwa mtangazaji, nitafute kazi redioni, na mimi nikavimba kichwa, nikaongeza madoido. Kato alikuwa anatoka chumbani kwa sababu ya kelele zangu. Na jambo kubwa zaidi, uliacha kubishana. Wewe! Mtu uliyebishana na mkanda wa video! Nikadhani uzee umekulainisha. Nilimwambia hata dada kwamba baba siku hizi mpole. Mwana gani asiyeshtuka baba yake akiacha ubishi?

Unaukumbuka mkanda ule? Ulikuwa bado dereva wa Land Rover ya mifugo, ulikwenda Dodoma na mabwana mifugo, ukarudi na mkanda mmoja wa rali uliouazima kwa fundi redio, ambao hukuurudisha hadi leo. Hatukuwa na televisheni, tukawa tunakwenda hotelini kwa Mzee Kipara, mwenye deki ya video. Kila Jumapili baada ya Adhuhuri, mkanda ule ule. Mji mzima unajua nani atashinda, nani atapinduka kwenye mto, na wewe bado unabishana na watu wanaokunywa chai. "Angefunga breki mapema huyu! Mkono wake mzito!" Na kwangu unainama, unanong'ona, "Usitazame gari, tazama tairi za mbele. Gari linakwambia lilipo, tairi linakwambia linakokwenda." Mkanda ukachakaa ukawa unaruka, magari yanakatika vipande, sisi tumekaa tu. Siku uliponunua ungo, mimi nimemaliza kidato cha nne, ulipanda mwenyewe juu ya bati la nyumba kuuelekeza, mama, Mungu amrehemu, yuko chini anakupigia kelele utavunjika kiuno. Picha ilipotokea ulishuka ukaniambia, "Idi, leo hatujui nani atashinda." Sijawahi kukuona na furaha ile tena, hata siku ya harusi ya dada.

Nimeyaandika haya si kwa kukuliza. Nataka ujue kwamba najua ulichopoteza. Watu wataniambia shukuru, mzee hana kisukari, anatembea, anakula. Sishukuru. Nimeshindwa. Jumapili iliyopita Kato alifungua kompyuta kama kawaida, magari yakapangwa, nikaona siwezi. Nikatoka nje nikazunguka mitaa ya viwanda peke yangu kwenye baridi, mpaka nilipojua mbio zimekwisha. Dada akaniandikia kwamba ulishika simu tangu saa tisa alasiri ukisubiri. Nisamehe. Nilikuwa sijui niseme nini. Nitakuulizaje umeona?

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Dada anasema umeacha kuweka matone. Uliweka siku kumi, ukaona giza ni lile lile, ukaweka chupa dirishani na kusema dawa ya uongo. Tarehe ya kurudi Dodoma kufanyiwa upasuaji wa la kushoto imefika, ukakataa kupanda basi. "Kilichokwenda kimekwenda," umemwambia. "Nyie mnataka kunichezea na hiki kilichobaki."

Baba, wewe ni dereva. Sitaki kukufundisha. Daktari hakusema matone yatarudisha. Alisema yatazuia. Ukiona mafuta yanavuja na tangi limebaki robo, huzibi kwa sababu robo tatu imeshamwagika? Wewe uliyetengeneza mpira wa radieta kwa kipande cha khanga ya mama njiani Gulwe ukatufikisha nyumbani, leo unaliacha jicho livuje? Unajua unachokifanya. Umekasirika, unajikomoa mwenyewe. Na mimi nina hasira hiyo hiyo, nimeirithi kwako, ndiyo maana naijua.

Ungekuwa mwingine ungesema basi mwanangu rudi. Hujasema, na najua hutasema. Kurudi sasa hivi siwezi. Kibali changu cha kuishi hapa kiko ofisini kwao, nimeomba kipya, nikitoka kabla hakijatoka sitaruhusiwa kuingia tena. Wananiambia subiri. Nimeuliza mpaka mama wa dirishani ananijua kwa jina. Wengine wamesubiri miezi sita, wengine mwaka. Kila nikipiga hesabu ya miezi najiuliza tundu lile litakuwa limebaki kiasi gani, au litakuwa limeziba. Usiku nalala, mchana nafanya kazi, lakini tumaini sina la kukudanganya nalo.

Kuna jingine, na hapa dada atataka kuruka. Dada, soma.

Baba, mwaka jana mwezi wa mvua zenu, bomba la mvuke lilipasuka pale tunapopikia rangi za vitambaa. Niliungua shavu la kushoto, sikio na shingo. Nililazwa siku kumi na tisa. Nilipotoka sikujua nikwambieje, nikaona nipige picha tu, nikutumie kwa simu ya dada, uone mwenyewe. Nilimwomba dada akupe simu mkononi asiseme neno. Dada alikuwa analia jikoni. Wewe uliishika simu, ukaiinamia, halafu nilipopiga ukaniambia, "Maashallah, umenenepa. Huko wanakulisha."

Nilikata simu. Kwa miezi mingi nilikuwa na kinyongo na wewe ambacho hujawahi kukijua. Nilisema moyoni, baba ameona uso wangu umeharibika na ameamua kufanya mzaha. Au ameuonea kinyaa. Dada naye akadhani unajikaza kiume, akanyamaza. Sote watatu tukanyamaza, kila mtu kwa sababu yake. Kumbe kwenye kioo kile kidogo cha simu hukuona chochote. Hujui hata kwamba niliungua, leo ndiyo unasikia. Pole kwa kusikia hivi, kwa mdomo wa dada, nami siko karibu kukushika mkono.

Nisalimie shangazi wa Mkonze, mwambie namshukuru kwa kukulaza na kwa kukupeleka hospitali akikushika mkono ingawa ulimfukuza. Shemeji, mume wa dada, mwambie asiache kukufuata msikitini kwa mbali, hata ukimtukana. Mzee Chilongani mpe mbukwenyi nyingi, salamu yake ya Kigogo, usimlaumu, alisema alichokijua cha jicho lake. Mjomba wa Gulwe naye asome dua. Mama umsomee Fatiha kaburini, umwambie kutoka kwangu.

Jumapili hii nitapiga, saa tisa, kama zamani. Sitakuuliza umeona. Nitakutangazia mwanzo hadi mwisho, na ubishane, tafadhali, hata kama huoni unachokibishia.

Lakini matone weka, baba. Leo, dada akimaliza kusoma tu, kabla hajaikunja karatasi. Na Dodoma uende. Sikuombi uokoe jicho la kutazamia mbio, mbio nitakuwa natazama mimi. Daktari amesema ukimsogelea mtu karibu unaona uso wake. Basi hicho ndicho ninachokiomba. Uso unaoukumbuka wewe nilikuwa nao siku nilipopanda basi stendi ya Mpwapwa, na huo haupo tena. Huu nilionao sasa hujawahi kuuona. Nimeuonea aibu mbele ya kila mtu, ila kwako nataka uuangalie, unishike kidevu, unigeuze huku na huku, halafu uniambie wewe mwenyewe umeona.

Mwanao,
Idi